Daktari anataka kunitibu baridi yabisi ambayo damu yangu haionyeshi

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 36, naishi kando ya ziwa huku Ilemela, Mwanza. Mwalo wetu sitautaja, maana huku tunajuana wote na wengine wanasoma safu yako. Kazi yangu ni dagaa. Mitumbwi ikirudi alfajiri nanunua kwa ndoo, naanika kwenye chanja, wakikauka nafunga magunia na kuyapeleka soko la Kirumba. Mume wangu ni fundi wa mitumbwi. Hatuna utajiri, ila hatujawahi kulala njaa.

Mwaka jana mvua za vuli zilipoanza, vidole vyangu vilianza kukaza usiku. Mwanzoni nilisema ni uchovu. Sasa nikiamka saa kumi alfajiri havikunji kabisa, vya mikono yote miwili, na vifundo vya mikono navyo vinauma. Kanga nafungwa na binti yangu. Mswaki naushika kwa viganja viwili. Nikishusha miguu kitandani, chini ya vidole naona kama nakanyaga changarawe. Naloweka mikono kwenye maji ya moto, nasubiri, lakini haviachii mpaka saa nne, siku nyingine saa tano. Shangazi, unajua biashara ya dagaa. Saa nne hakuna kitu mwaloni. Aliyechelewa anaokota mabaki. Nimeajiri binti wa jirani anibebee ndoo, na faida yote inaishia kwake.

Zahanati walinipima maleria, taifodi na UTI, nikapewa dawa zote hizo. Sikupata nafuu. Nikaenda hospitali mjini. Mimi hospitali naenda siku za mbalamwezi, kwa sababu wavuvi hawaingii ziwani na kazi hakuna. Nafika na daladala, napanga foleni, namwona daktari saa saba au saa nane. Wakanipima RF, hasi. Anti-CCP, hasi, na hiyo niliilipia fedha nyingi. ANA, hasi. VVU, hasi. Kipimo cha gauti, kawaida. Eksirei ya mikono, safi. ESR tu, kile cha kuonyesha kama kuna uvimbe mwilini, ndiyo ilipanda kidogo, daktari akasema hata maleria inaweza kuipandisha. Akanikunjisha vidole, vikakunja. Akaniambia, "Mama, damu yako nzuri, huna baridi yabisi. Punguza mawazo."

Nilimshukuru Mungu njia nzima. Nyumbani nilipomweleza mume wangu akasema, "Basi vipimo vimesema." Tangu siku hiyo nikilalamika ananyamaza. Mama mkwe yeye anasema nimetegewa, nimekanyaga kitu pale chanjani, kwa sababu tuligombana na mwenzangu mmoja kuhusu sehemu ya kuanikia. Anataka twende kwa mganga Sengerema. Mganga anataka mbuzi na fedha.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kijana wa duka la dawa alinifungia vidonge kwenye karatasi, akasema ni vya viungo. Shangazi, siku ya pili nilifua mashuka! Tangu hapo navinywa, mwanzoni kipindi cha giza tu wakati dagaa wapo, sasa karibu kila siku. Uso umejaa, wenzangu wananiambia nimenawiri, ndoa imenipenda. Mtoto wa dada yangu anayesomea uuguzi ndiye aliyevitazama akaniambia ni prednisoloni na diklofenaki.

Mwezi uliopita niliandikiwa rufaa kwenda kwa daktari bingwa. Huyu alinibonyeza kiungo kimoja kimoja, akatazama kucha, akapekua nywele, akaniuliza asubuhi vinachukua muda gani kuachia. Akasema anaamini ni baridi yabisi, ingawa damu haionyeshi. Anataka nianze methotreksati, na nisishike mimba nikiwa naitumia. Mume wangu alimpigia mdogo wake, akatafuta kwenye intaneti, akakuta ni dawa ya saratani. Wanasema daktari ananifanyia majaribio. Na sisi tulikuwa na mpango wa mtoto wa tatu.

Mwezi ujao tunagawana kikoba. Fedha yangu inatosha jambo moja: hospitali, au mganga, au mtaji. Je, ni sawa kunywa dawa kali ya ugonjwa ambao hakuna kipimo kilichouona? Au nisubiri mpaka damu ionyeshe? Niko tayari kurudia vipimo hata Dar es Salaam, ili mradi nipate karatasi ya kumwonyesha mume wangu.

Mama Dagaa, Ilemela

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kukaa na maumivu yanayoanza kabla hujafumbua macho, kisha kuambiwa damu yako nzuri, ni mzigo juu ya mzigo.

Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, kwa hiyo baadhi ya haya nayajua kwa kuyaona. Hata hivyo mimi si daktari wako na sijakushika mkono. Yachukue kama maneno ya mtu mzima anayekutakia mema, halafu uyapeleke kliniki.

Nikikuelewa vizuri, unataka kujua kama ni salama kuanza dawa nzito bila karatasi inayosema una ugonjwa. Lakini sentensi yako ya mwisho inaomba kitu kingine: karatasi ya kumwonyesha mume wako. Naona umeyafunga mambo haya mawili gunia moja. Nakuomba tuyatoe moja moja, kwa sababu hata damu ikikubali kesho, nina shaka kama itakumalizia hilo la pili.

Tuanze na damu. Baridi yabisi ya aina anayoisema daktari wako inatokana na kinga ya mwili kuvishambulia viungo vya mwili wenyewe. RF na anti-CCP zinatafuta kingamwili, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, ambazo wagonjwa wengi wa ugonjwa huu wanazo. Wengi, si wote. Kati ya wagonjwa kumi, wawili au watatu hivi hawana hata moja, na bado viungo vyao vinavimba na kuharibika. Kwa upande mwingine, RF inaweza kuonekana kwa mzee mwenye afya yake, au mwenye kifua kikuu, au mwenye homa ya ini, na mtu huyo hana baridi yabisi. Kwa hiyo karatasi hiyo inaweza kukupotosha kwa pande zote mbili.

Ila nisikufanye uyadharau majibu yote. ANA yako ilipotoka hasi ilikwambia jambo kubwa, kwa sababu karibu wagonjwa wote wa lupasi, ugonjwa mwingine wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, wanayo. Daktari akiiona hasi, lupasi anaisogeza mbali sana. Hasi ya RF haina uzito huo. Ukipewa jibu lolote la maabara, muulize daktari: hili linaondoa nini, na linaacha nini?

Sasa, yule bingwa aliamuaje bila damu? Mwaka 2010 vyama vya madaktari wa magonjwa haya vya Marekani na Ulaya vilikubaliana mwongozo wa alama. Jumla ni 10, na anayefikisha 6 anahesabiwa kuwa na baridi yabisi, mradi kuna kiungo kilichovimba kweli na hakuna sababu nyingine inayoueleza uvimbe huo vizuri zaidi. Kingamwili za damu hazitoi zaidi ya alama 3. Viungo zaidi ya kumi vilivyoathirika, vile vidogo vikiwemo, vinatoa 5. Dalili zikifikisha wiki sita, alama 1. ESR, au mwenzake CRP anayepima uvimbe pia, ikipanda, alama 1. Chukua vidole ulivyonitajia, vifundo vya mikono, na hiyo changarawe chini ya miguu, kisha jumlisha mwenyewe. Mwongozo huo uliwekwa hasa kwa ajili ya utafiti, na wapo wanaotibiwa bila kufikisha 6, lakini unaona kwamba njia ya kufika bila damu ipo, na ni njia halali. Daktari aliyekubonyeza kiungo kimoja kimoja alikuwa anapima. Kupekua nywele na kutazama kucha nako kulikuwa kipimo, maana kuna ugonjwa wa viungo unaoambatana na magamba ya ngozi, na huo nao kwa kawaida RF yake ni hasi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu barua yako ina jambo ambalo nadhani hujaliona. Unakwenda hospitali siku za mbalamwezi. Maana yake mikono yako imeshapumzika siku kadhaa, hujabeba ndoo wala hujageuza dagaa chanjani. Unamwona daktari saa saba au saa nane, wakati mwenyewe umeniambia vidole vinaachia saa nne au saa tano. Na huenda baadhi ya safari hizo prednisoloni ilikuwa mwilini, dawa inayoshusha uvimbe na kuishusha ESR pia. Yule daktari wa kwanza alikukunjisha vidole vikakunja, na kwa alichokiona hakusema uongo. Alipewa mikono yako ikiwa katika saa yake nzuri kuliko zote za mwezi. Ile ya saa kumi alfajiri, katikati ya giza, mitumbwi ikiwa inakaribia, hajaiona daktari hata mmoja.

Hii unaweza kuirekebisha bila fedha. Binti yako anayekufunga kanga akupige picha kwa simu: mikono yote miwili juu ya meza, taa iwake, ukijaribu kukunja ngumi. Apige tena vikishaachia. Kwenye daftari andika saa uliyoamka, saa vilipoachia, viungo gani vilivimba, na ulikunywa nini siku hiyo. Fanya hivyo giza na mbalamwezi. Na siku ya kliniki, kama kuna namna ya kulala kwa ndugu mjini ili uonekane mapema, ifikirie. Kukaza kunakozidi nusu saa au saa nzima asubuhi kunawaambia madaktari mengi. Maumivu ya kazi tu kwa kawaida huongezeka jinsi siku inavyokwenda, na yako yanapungua kadiri asubuhi inavyosogea.

Kabla sijafika kwenye methotreksati, lile la vidonge vya kwenye karatasi. Sikugombezi. Umeamka huwezi kushika mswaki, mtu akakupa kitu ukafua mashuka, nani asingerudi kuchukua tena? Lakini daktari wako hajui, na hapa ndipo ninapoogopa kuliko penginepo pote katika barua yako. Prednisoloni inayonywewa muda mrefu bila kusimamiwa inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, inapunguza kinga hata kifua kikuu kilicholala kikaamka. Uso wako kujaa ni dawa hiyo. Diklofenaki ya kila siku inachimba tumbo na kuumiza figo. Lakini tafadhali, usivitupe vyote leo kwa hofu. Ukinywa prednisoloni kwa wiki nyingi, mwili unapunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na ukiikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, ukatapika, presha ikashuka kwa kiwango cha hatari. Inapunguzwa kidogo kidogo, na mtu anayejua. Nenda na ile karatasi na vidonge vilivyobaki, uviweke juu ya meza ya daktari. Hutakuwa wa kwanza kufanya hivyo mbele yake. Na mwambie jinsi ulivyopata nafuu siku ya pili: nayo ni habari inayomsaidia, ingawa peke yake haithibitishi ugonjwa, maana prednisoloni inatuliza mengi.

Haya, methotreksati. Shemeji yako hakukosea kusoma: inatumika kutibu saratani. Kilichompita ni kipimo. Katika saratani dozi inaweza kufika mamia au maelfu ya miligramu. Katika baridi yabisi kwa kawaida haizidi miligramu 25 kwa wiki nzima. Imetumika kwa ugonjwa huu kwa miongo mingi na ndiyo dawa ambayo madaktari wengi duniani wanaanza nayo, kwa hiyo kwamba wewe ni wa kujaribiwa, hilo hapana. Hatari zake zipo na ni za kweli. Inaweza kusumbua ini, kushusha chembe za damu, kuleta vidonda mdomoni na kichefuchefu. Ndiyo sababu kabla ya kuanza wanapima ini, figo, picha nzima ya damu, homa ya ini B na C, na mimba, na baadaye wanarudia vipimo mara kwa mara. Kama huwezi kurudi kwa vipimo hivyo, mwambie daktari sasa. Kuinywa bila kupimwa ni hatari nyingine kabisa.

Na ukija kuamua kuinywa, shika hili kuliko yote: inanywewa mara moja kwa wiki, siku moja uliyochagua, basi. Wapo waliokufa kwa sababu waliinywa kila siku kama dawa nyingine. Andika siku hiyo ukutani, na mtu mwingine nyumbani aijue. Vidonge vya foliki, vile vya vitamini, utakavyopewa navyo vina mpangilio wake, uliza. Nafuu haiji siku ya pili kama ile ya duka la dawa. Inachukua wiki 6 hadi 12, na katikati hapo wengi hukata tamaa. Huenda daktari akakuachia prednisoloni kidogo ya kukuvusha, safari hii kwa hesabu.

Mtoto wa tatu sijamsahau. Methotreksati inaweza kuharibu mimba na kumlemaza mtoto, kwa hiyo lazima uzazi wa mpango unaoaminika, na kuiacha mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kujaribu, kama daktari atakavyopanga. Lakini sikuona mahali ulipomwambia bingwa kwamba mnataka mtoto, na lini. Je, ulimwambia? Zipo dawa nyingine za ugonjwa huu, haidroksiklorokwini na salfasalazini, ambazo hutumika hata kwa wajawazito. Nguvu zake na masharti yake ni tofauti, na pengine atakuwa na sababu ya kutozichagua kwanza. Ila mazungumzo ya dawa gani yanabadilika sana ikiwa mnataka mtoto mwaka huu, au baada ya miaka miwili mikono ikishatulia. Kumbuka pia kwamba mimba iliyoingia wakati ugonjwa unawaka, huku unameza diklofenaki, ina shida zake.

Kusubiri nako nakuelewa. Mtu anayesubiri anaona kama hajafanya kosa lolote. Lakini jiulize unasubiri nini hasa. Wengi ambao damu yao ni hasi mwanzoni hubaki hasi, na ukienda kurudia vipimo vilevile Dar es Salaam unaweza kurudi na karatasi ileile na kikoba kimeisha. Wakati huohuo, kama ugonjwa upo, mifupa ya viungo huanza kulika mapema, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kilicholika hakirudi. Eksirei safi leo haikuhakikishii, kwa sababu eksirei inachelewa kuonyesha. Kabla hujapanda basi, muulize bingwa kuhusu altrasaundi ya viungo vya mikono. Inaweza kuonyesha ngozi ya ndani ya kiungo ilivyovimba na damu inavyopita humo kwa wingi, wakati eksirei haioni kitu. Si kila mahali kuna mtu aliyezoea kuifanya kwenye vidole, lakini swali hilo linafaa kuulizwa hapa Mwanza kwanza. Na ifanywe siku ambayo vidole vimevimba.

Je, bingwa anaweza kuwa amekosea? Anaweza. Ukanda wetu tunafuga ng'ombe na wengine tunakunywa maziwa bila kuchemsha, na bruselosi inaleta homa na maumivu ya viungo yanayodumu. Homa ya ini B na C, chikungunya, matatizo ya tezi la shingo, yote yanaweza kuiga baridi yabisi. Kumuuliza haya si utovu wa adabu. Mwambie, "Daktari, ni magonjwa gani mengine umeyafikiria, na umeyaondoa vipi?" Halafu, "Nikianza dawa hii, tutajuaje kama inafanya kazi, na tutaiacha lini isipofanya?" Daktari mzuri atakujibu bila kukasirika. Jina la ugonjwa usio na kingamwili hubadilika wakati mwingine baada ya mwaka au miwili ya kukufuatilia, na hilo halimaanishi kwamba ulidanganywa mwanzoni. Ukitaka kusikia daktari wa pili, ni haki yako pia. Mabingwa wa magonjwa ya viungo ni wachache nchini, kwa hiyo omba rufaa na nakala za majibu yako yote, usiende mikono mitupu ukaanza upya na maleria na taifodi.

Kwa mama mkwe sitakwambia umdharau. Amekuona unaumwa, na ndiye mtu pekee nyumbani kwako aliyesema kwa sauti kwamba kitu kipo. Hilo lina thamani yake. Wasiwasi wangu kwa mganga ni wa aina mbili: dawa za mitishamba zisizojulikana zikikutana na methotreksati, ini linabeba zote mbili, na ule ugomvi wa chanja. Leo ni ugomvi wa sehemu ya kuanikia. Mganga akishataja jina, utaishije mwaloni na mwanamke huyo na watoto wake? Ukikubali sala, au dua, au kikao cha ukoo cha kuondoa kinyongo, hakuna hospitali itakayokukataza.

Na mume wako. Unaandika kwamba ananyamaza, nawe umeusoma ukimya wake kuwa haamini. Inawezekana. Lakini mtu huyohuyo ndiye aliyempigia mdogo wake kuulizia dawa yako. Mtu anayedhani mkewe anajisingizia hahangaiki kujua kama dawa aliyoandikiwa ni ya saratani. Mimi naona mwanamume aliyeogopa, aliyeambiwa na hospitali kwamba hakuna kitu, halafu hospitali ikaja na dawa ya kutisha. Yeye ni fundi, anaamini anachokishika. Karatasi ya Dar es Salaam itamwambia herufi asizozijua. Je, amewahi kuamka nawe saa kumi akashika vidole vyako mwenyewe, akausikia uvimbe na joto lake? Je, anaweza kufuatana nawe kliniki, akae kiti cha pembeni wakati daktari anabonyeza, aulize yeye mwenyewe hilo la saratani na la mtoto? Kuna wanaume niliowaona wakiingia chumba cha daktari wakiwa wagumu na kutoka wamebeba mkoba wa mke. Wengine hawakubadilika. Sijui wako ni yupi, ila huenda nawe hujui bado.

Na kama atabaki kimya baada ya yote, hapo utakuwa na uamuzi mgumu zaidi: kama uko tayari kutibiwa bila yeye kuamini. Mwili ni wako, na bado ndoa ni yenu wawili. Hilo siwezi kukuamulia.

Kuhusu kikoba, muulize bingwa gharama ya dawa kwa mwezi na ya vipimo vya kufuatilia kwa miezi sita ya mwanzo, uziandike kando kando. Ulizia na bima. Pengine utakuta inabaki sehemu ya mtaji, pengine haibaki. Na unaweza kuzungumza na wenzako wa kikundi kuhusu kubadilishana kazi kwa muda: wao wanunue alfajiri, wewe ushike kugeuza, kufunga na kwenda Kirumba, ambako saa zako ni nzuri.

Wakati unafikiri, kuna dalili zisizosubiri kliniki. Choo cheusi au kutapika damu, homa kali, kikohozi kisichoisha au kukosa pumzi, vidonda vingi mdomoni ukiwa umeanza dawa, au kiungo kimoja kuvimba ghafla kikawa chekundu na cha moto kuliko vingine. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe giza au mbalamwezi.

Nitafurahi ukiniandikia tena baada ya kliniki. Niambie daktari alisema nini alipoviona vidonge, na mlizungumza nini kuhusu mtoto.

Shangazi yako